Kutua kwa Bwana Cecil

Kiwanja cha Ndege,
Posta ya Masasi,
9 Machi 1956

Mpendwa Dada Isabela,

Shikamoo. Hujambo huko Korogwe? Na kifua je, kimeacha kukubana? Sisi miili ni mizima. Mama Agnes anakuamkia.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia msiba wa nyumba hii: suruali yangu ya kaki, ile uliyoniletea Krismasi, imepasuka makalioni. Nilikuwa nafukuza mbuzi wa jirani yetu Kasiani kiwanjani. Mbuzi wote wamenusurika. Cheka sasa, dada, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Nilikuandikia habari za Bwana Cecil, kijana wa Kizungu aliyekuja kujifunza urubani kwa ndege ndogo ya viti viwili. Kuruka alijua, kutua kulimshinda. Mara ya kwanza alidunda kama panzi. Mara ya pili akavunja gurudumu. Mzee Shamte wa Newala akauliza, "Huyu anatua au anatwanga?" Tangu hapo kijana mwenyewe kila akishuka huniuliza, "Shikamoo, Baba Agnes. Unga umelainika?" Mzungu wa kwanza kuniamkia! Nami humjibu, "Marahaba. Bado chenga, Bwana."

Tumemzika Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa peke yake, ndege ikapinduka ikitua. Mwalimu wake ameandika kwamba alionywa kwa alama, akapuuza. Basi hata kaburini anaitwa mzembe.

Mama yake anafika Jumapili. Anataka kuongea na mlinzi wa kiwanja, aliyeona kwa macho. Mlinzi ndiye mimi.

Kwaresima hii nimekwenda kuungama mara mbili. Mara zote mbili nimemwungamia Padre ulafi, na chakula chenyewe naishia kuwapa kuku.

Nisalimie Shemeji Marko, na Helena, na mwanao Cuthbert. Mungu awafunike kwa mkono wake, mkono ambao mimi siuoni siku hizi.

Nilitaka kutia sahihi hapa, kalamu imekataa. Wewe unanijua tangu nilipokuwa naiba mihogo nikisingizia nguruwe. Basi sikia.

Mvua ilikuwa imenyesha, upande wa chini wa kiwanja umekuwa tope. Kazi yangu ni kutandika pale kitambaa chekundu, rubani akione toka juu, asipaguse. Suruali ilipopasuka nilimpa Mama Agnes aishone. Kwa kuwa sina ya pili, nikajifunga kitambaa kile kiunoni. Nikakaa barazani nanywa uji. Nilidhani kabla kijana hajashuka nitakuwa nimeshavaa.

Akashuka. Hakudunda, dada. Magurudumu yaligusa nyasi kama mtu anayemlaza mtoto. Nikasimama nimpigie kelele kwamba leo unga umelainika. Ndipo yakafika topeni, yakazama, ndege ikabinuka kichwa chini.

Nilipomfikia alikuwa amekwisha kufa. Na kabla mwalimu wake hajatokea, nilikifungua kitambaa kiunoni nikakitandika palepale topeni. Watu waliponikuta nimesimama na shati tupu, walisema huzuni imenivua akili.

Mama Agnes alikuja na suruali mkononi, imeshashonwa. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. Akanipa suruali nivae, akarudi nyumbani.

Ni mdogo wako akupendaye, hata ukishindwa kunipenda,

Bartholomayo