Mnavu Ulikosa Nini

MAELEZO YA SHAHIDI, yaliyochukuliwa katika Boma la Neu-Langenburg, tarehe 16 Machi 1911

Jina: Anyisile, mke mdogo wa Asegelile. Umri: hajui, mwaka wa sotoka ya ng'ombe alikuwa akibeba mdogo wake mgongoni. Kazi: mkulima, na kibarua wa palizi. Makazi: Bujonde.

Nilikuwa napalilia mpunga katika shamba la Bwana mmoja Mdachi, hapo Bujonde. Mwezi wa pili Bwana alileta jiwe la buluu liitwalo mrututu. Liliyeyushwa katika maji, na shemeji yangu Yotamu akanyunyiza kwa bomba la mgongoni. Baada ya siku chache magugu ya majani mapana yote yalikuwa meusi, na mpunga umesimama vilevile, kijani. Sisi wanawake tukaachishwa kazi. Watu walikuja hata kutoka Busale kutazama, wakasema dawa ile ina macho.

Mnamo tarehe 9 Machi mtoto wa Yotamu alikufa kwa homa. Yotamu akasema mchawi yumo nyumbani kwa kaka yake Asegelile, ni mimi au ni mke mwenzangu, Tusekile. Zamani tungenyweshwa mwafi: anayetapika hana hatia, asiyetapika ndiye mchawi. Serikali imeukataza. Yotamu akasema, "Huu wa Mdachi haujakatazwa. Unaua mbaya, unaacha mwema. Wote mmeona."

Nilimwambia, "Shemeji, mle shambani hata mnavu wetu wa mboga umekufa, na majani ya maboga. Mnavu ulikosa nini?"

Akajibu, "Gwe mwanamke, mbona unaogopa?"

Nilikuwa naogopa kweli. Mume wangu alikuwa anatazama chini.

Tarehe 12 asubuhi Tusekile alipewa kwanza, kwa kuwa ni mkubwa. Mimi nilimshika mkono. Maji yale ya mrututu yalikuwa na rangi nzuri. Alitapika papo hapo, wanawake wakapiga vigelegele, naye akacheka, akaniambia, "Ndaga, asante mwenzangu, nimepona." Kisha akaendelea kutapika. Alitapika kijani, halafu damu, mpaka jioni. Kesho yake mchana akafa.

Pale kaburini Yotamu alisema mbele ya watu kwamba Tusekile alitapika, kwa hiyo hakuwa na hatia, basi aliyebaki ni mimi. Akasema nitakunywa matanga yakiisha.

Niliaga kwamba naenda kuchota maji. Niliuacha mtungi njiani nikapanda mlima kuja hapa.

Nikitapika, nitakufa kama Tusekile. Nisipotapika, mimi ni mchawi, na mchawi huuawa. Sioni njia ya tatu. Naomba nisirudishwe Bujonde.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nami nayakubali kuwa ni yangu.

Alama yake: X

Yameandikwa nami, Lameck, karani wa polisi. Nilimpa shahidi maji katika bakuli. Aliyatazama rangi, akanirudishia. Baadaye alishuka mtoni peke yake, akanywa kwa viganja.