Chali au Kifudifudi

Kisugu, Kampala
Jumapili jioni

Dada yangu Concy,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto na kila anayekula chakula chako hapo nyumbani. Natumaini kile kikohozi kimesikia dawa na kwamba mvua imewakumbuka. Mimi ni mzima, ukiacha goti, ambalo nimeshalizoea kama watu wanavyomzoea jirani mbaya. Kazi ni ile ile ya kulinda lango la ghala huko Kisenyi, na jioni narudi Kisugu kulala. Kama bado unamwomba Mungu anitafutie mke, mwambie apumzike kidogo.

Ujumbe wako umenifikia. Unasema matanga ya mwisho ya shemeji Bonny, yaliyosubiri miaka yote hii, ni Jumamosi ijayo, mahema yameshaagizwa, na watu wa ukoo wameanza kugombania nani atachinja. Unasema mama mkwe wako hataki pilau wala hotuba ya diwani; anataka jambo moja tu, asikie mwanawe alikufaje na kama aliteseka. Mimi ndiye niliyekuwa naye siku ile, kwa hiyo niandike, na katekista asome mbele ya watu, kwa kuwa unajua mimi nikisimama mbele ya watu nababaika. Nimeelewa, na nitakujibu. Lakini vumilia kwanza nikupe habari za hapa, kwa sababu bila hizo hutaelewa jibu lenyewe.

Tangu mwaka jana nina mchezo. Usicheke. Mwenye nyumba wangu, Mzee Dawudi, ni Mnubi, polisi mstaafu, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Sebuleni kwake ana meza pana iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Milima ni vipande vya godoro, mto ni utepe wa bluu, na juu yake wanasimama askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole. Aliwaokota mmoja mmoja sokoni Owino, kwenye mafurushi ya vitu vya watoto vya mitumba, akawapaka rangi kwa unyoya wa kuku. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunapigana vita. Unapima hatua kwa rula, unarusha dadu kujua risasi imempata nani, mnabishana, mnakunywa chai. Tuko watatu: yeye, mimi, na Estelle, Mkongo auzaye vitenge, mwanamke asiyejua huruma tangu aachishwe ziwa. Sijawahi kumshinda.

Sasa shida ya mchezo huu, dada, ni waliopigwa. Unajuaje kikosi kimepoteza wangapi? Zamani Mzee Dawudi alikuwa anamwondoa mezani kila aliyekufa na kumtupa kwenye kopo la maziwa. Ni njia safi, ila baada ya saa moja meza inabaki tupu na hukumbuki tena vita vilikuwa wapi. Tukajaribu shanga nyekundu, moja kwa kila risasi iliyoingia. Zikawa zinabingirika hadi kwa kikosi cha jirani, na watu wakafa kwa makosa. Tukajaribu pamba iliyochovywa wino, ikamchafulia mzee kitambaa. Tukajaribu kuweka dadu nyuma ya kikosi, namba ikionyesha idadi ya waliobaki. Estelle alikuwa akipita na mkono wa gauni lake, na tatu inakuwa tano. Ukimuuliza anaapa kwa mama yake, na mama yake yu hai, anauza samaki Goma.

Mimi ndiye niliyewaletea njia iliyotulia. Niliwaambia kwamba nilipokuwa jeshini, katika platuni yetu, na sijui kama platuni nyingine walifanya hivyo, tulikuwa na desturi. Aliyepigwa akiwa bado hai analazwa chali. Aliyekufa analazwa kifudifudi. Wabebaji wakija nyuma hawana haja ya kuinama, kuuliza wala kusikiliza mapigo. Wanaangalia tu: chali anabebwa, kifudifudi anaachwa. Wakaipenda papo hapo. Mzee Dawudi akaandika kanuni kwenye daftari: kila anayelala chali lazima abebwe na wenzake wawili hadi ukingoni mwa meza, na hao wawili hawapigani tena. Anayelala kifudifudi hamsumbui mtu.

Unaona ilikoelekea. Majeruhi mmoja anakula watu watatu. Maiti anakula mmoja. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunarusha dadu tukiomba watu wetu wafe. Mzee Dawudi, mtu wa swala tano, nilimsikia akimsihi Mungu amuue koplo wake wa plastiki.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuwa nimembana Estelle kwenye mto. Alikuwa amebakiwa na watu wanne, mmoja wao chali. Nikainama kuchukua sukari, na nilipoinua kichwa nikamwona anamgeuza yule majeruhi kwa ukucha, taratibu, kifudifudi. Mzee naye aliona. Akapiga kelele, “Wewe mama, umeua mutu yako mwenyewe!” Estelle hakuona hata haya. Akajibu, “Huyu iko muzito. Miye sitamubeba.” Halafu akavuka mto na wale watatu waliobaki, akanishinda.

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilicheka kuliko yeye. Nilicheka mpaka nikashika meza, mpaka Estelle akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikasema isiitwe wizi tena, iwe kanuni: kila mtu na amgeuze mtu wake akitaka, na mwingine asikague. Mzee akaiandika daftarini chini ya ile ya kwanza. Tangu hapo hakuna kikosi kinachobeba mtu.

Utashangaa nimekuandikia Kiswahili, Kiswahili hiki cha kambini alichotuandikia baba alipokuwa mbali. Sababu ni kwamba katekista wenu hakijui, wala mama mkwe wako, wala yeyote kati ya hao wanaogombania kisu. Wewe peke yako hapo ndiye unayeweza kuisoma barua hii. Kama kuna mtu karibu yako sasa, nenda ukakae mahali pengine kwanza.

Siku ile tulivuka mto saa nne asubuhi na tukapigwa tukiwa bado tunakamua suruali. Ikaja amri ya kurudi kwenye magari. Kazi yangu, mimi koplo, ilikuwa kupita kati ya walioanguka na kuwalaza, huyu chali, huyu kifudifudi, ili wabebaji wajue. Nilimkuta Bonny kando ya kichuguu. Alikuwa amepigwa paja, juu karibu na nyonga. Damu ilikuwepo, lakini nimeona watu wenye damu zaidi ya ile wakapona, wakaoa. Alikuwa anaongea. Alinitania kwamba nimechelewa kama kawaida yangu. Akaomba maji, nikampa, akanywa mwenyewe kwa mkono wake.

Nikahesabu wabebaji. Alikuwa amebaki mmoja asiye na mzigo. Kama ningemwacha chali, mtu wa pili ningekuwa mimi. Unamkumbuka mumeo alivyokuwa. Ulikuwa unashona suruali zake kwa vitambaa viwili. Kutoka pale hadi kwenye magari palikuwa mbali, kwenye majani mafupi, na walikuwa bado wanatupiga.

Nilimgeuza. Mwanzoni alidhani naangalia jeraha, akanisaidia kwa kiwiko. Uso ulipogusa udongo akaelewa, maana desturi aliijua vizuri kama mimi. Akajipindua akarudi chali. Hakupiga kelele, aliniangalia tu na kuniita shemeji. Nikamgeuza mara ya pili, na safari hii nikamwekea begi lake mgongoni, lile kubwa lenye sufuria, ili asiweze kugeuka tena. Yule mbebaji akafika, akaangalia, akapita. Nikapita naye. Tulipofika kwenye magari wakaniuliza Bonny, nikasema papo hapo, risasi ya kichwa. Hakuna aliyerudi kuangalia.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe wako, kama una moyo wa kumwambia, kwamba ndiyo, aliteseka. Aliteseka kwa muda gani sijui, na nimejizuia miaka tisa nisikadirie.

Najua utakavyotaka kufikiri. Utakumbuka lile jino alilokung'oa Bonny mwaka ule wa ubatizo wa mwanenu Ocen, nami nikaapa mbele ya baba kwamba nitamlipiza. Utasema, mdogo wangu alifanya kwa ajili yangu. Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa na cha kujitetea nacho. Lakini nilipomgeuza sikukukumbuka, Concy, wala jino, wala mtoto. Alikuwa mzito na mimi nilitaka kuishi. Basi.

Na miaka yote hii umenitumia siagi ya ufuta kila mavuno kwa kunishukuru kwamba hakufa peke yake. Nimeila. Nilikuwa naila kwa kijiko, na ilikuwa tamu.

Sikuandiki haya kwa sababu dhamiri imenisumbua. Ingekuwa dhamiri, ingenisumbua mapema. Ni kwamba nilikaa jana nikaandika ile barua uliyoomba, ya Kiacholi, ya kusomwa na katekista. Nimeandika alivyowatangulia wenzake mtoni. Nimeandika risasi ilivyompata akiwa amesimama, akafa kabla hajafika chini, na neno lake la mwisho lilikuwa mama. Nimeimaliza kwa dakika ishirini bila kufuta neno hata moja, huku nikinywa chai. Hapo nikajiogopa. Nikaona nitaendelea hivi hivi mpaka nife, na nitacheka kila Jumamosi.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi zote mbili. Nimeshakata tiketi ya basi la Ijumaa, kwa hiyo nitafika jua likiwa bado juu. Nitakuja na sare yangu, kama ulivyotaka. Sitakuuliza chochote. Kama umewaambia, najua ndugu zake wanavyofanya, nami sitakimbia. Goti lenyewe halinipi nafasi. Kama hukuwaambia, nitasimama pembeni ya katekista, nitainamisha kichwa pale panapostahili, na mama yake akija kunishika mikono nitamwacha anishike.

Umzuie Ocen asiniite mjomba siku hiyo, kama unaweza. Nisalimie majirani, nisalimie wazee wa pale juu, na mwambie mama mkwe wako kwamba mwandishi wa barua anamheshimu. Jifunike vizuri asubuhi, baridi ya msimu huu si ya kuchezea na kifua kile. Mzee Dawudi anawapa pole ya msiba ingawa hajui ni msiba wa nani.

Ile ya Kiacholi ndiyo iliyoandikwa vizuri. Mpe katekista ile.

Ni mimi mdogo wako,
Oyet