Yule Mama wa Darajani

Tate, baba yangu, shikamoo.

Ile postikadi uliyoikuta inauzwa Lushoto mjini ninayo mimi. Mama alitaka kuifungia sandukuni, nikamwomba. Imepauka, ila daraja letu la zamani, lile la magogo ya mti wa mkulo, bado linaonekana, na yule mama aliyejitwika kuni bado yuko katikati ya mto, uso umefichwa na mzigo. Wewe ulisema ni mama yako, ukidai unamjua kwa anavyojifunga shuka. Rafiki yako Mzee Zakaria wa ng'ambo ya mto akasema ni mama yake. Miaka yote hiyo mlibishana mpaka chai inapoa, na hakuna aliyekubali hata siku moja.

Sasa nikupe habari. Hatujamaliza hata wiki tatu tangu tukuzike, masika yakalichukua daraja, lile la mbao mlilojenga magogo yalipooza. Siku ya arobaini yako Mzee Zakaria alishindwa kuvuka. Kuzunguka kwa barabara ya magari ni mbali, na miguu yake unaijua. Alisimama ng'ambo na koti lake la kanisani tangu dua inaanza mpaka watu wanatawanyika. Nilimwona, Tate. Nililia kuliko siku ya mazishi. Baadaye tukasikia hataki kula, hatoki hata kibarazani.

Mwezi uliopita tukaitwa msaragambo, vijiji vyote viwili, kulijenga upya daraja. Mambo ni yaleyale: sisi tunajenga nusu, wao nusu, na ubao wa katikati unashikwa na wawili, mmoja wa kila upande, asipatikane wa kusema daraja ni lake. Siku zote mlikuwa wewe na Mzee Zakaria. Safari hii aliletwa ameshikwa mkono, na watu wetu wakabaki kutazamana nani ashike upande wako. Nikavua kandambili nikaenda. Wapo waliokohoa kuona binti anashika ubao, lakini hakuna aliyenizuia.

Tulipomaliza kuupigilia, akaniambia polepole, "Mwanangu, nimefikiri sana. Yule mama ni bibi yako. Baba yako kashinda."

Najua ungecheka mpaka ukohoe. Mimi niliogopa. Alisema kama mtu anayefunga duka. Nikamjibu kwamba sikubali, kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kufunga kuni ovyo namna ile, huyo ni wa kwao. Akanikodolea macho, kisha akakasirika, Tate, akakasirika kabisa. Akasema mama yake alifunga kuni kuliko wanawake wote wa bonde hili, na kesho yake niilete hiyo picha nimwonyeshe huo uovyo uko wapi.

Nikaenda. Tulibishana mpaka makande yakaletwa, naye akala huku ananigombeza. Sasa navuka kila Jumapili akishatoka kanisani.

Pumzika, baba yangu. Nimekukumbuka mno. Nakuahidi jambo moja, na usinikasirikie: maadamu Mzee Zakaria yuko hai, sisi hatutashinda.

Mwanao