Matairi Yanayotazama Juu

Jumamosi, Pasiansi

Eti kosa ni langu!

Tangu mwanzo nilimwambia Mwalimu Masalu, mlezi wa klabu yetu ya roboti, kwamba roboti ya kupigana lazima itapinduliwa tu. Tuweke matairi mawili makubwa, yaizidi bodi kwa kimo, ili hata ikilala chali iendelee kukimbia. Akacheka mbele ya wenzangu. "Binti, gari gani umeliona linatembea chali?" Akachagua matairi manne madogo na mota za waipa za lori, zile za kufutia kioo, kwa sababu zina nguvu. Nguvu zinazo. Mbio hazina.

Leo kwenye majaribio, roboti ya wale wa Buswelu ilitupindua hata katikati ya uwanja hatujafika. Matairi yakabaki yanazunguka hewani kama miguu ya mende aliyepuliziwa dawa. Watu wakacheka mpaka basi. Na mashindano yenyewe ni wiki ijayo.

Mwalimu akanigeukia. "Kama ulijua, mbona hukusisitiza?"

Nilisisitiza mara tatu. Mara ya tatu aliniambia nina mdomo, nikapiga magoti kumwomba radhi, kama nilivyolelewa kuwafanyia wakubwa hata ninapowaamkia.

Jumatatu shikamoo yake ataipata nimesimama, msumeno mkononi, tayari kuikata bodi nifunge matairi yangu mawili makubwa.