Mama Akikosea Kwenye Piano

Mume wangu Elia, mjukuu wangu,

Hujambo? Huku Mabawa sote wazima, na dada yangu, bibi yako mzaa mama, anakusalimu.

Unauliza kama unaweza kumtoa mama kwenye darasa la piano mnalojifunza pamoja, maana akikosea unaona aibu. Nilipokuwa na miaka sita, mwalimu wa kinanda kanisani alitaka kila mtoto akae na mzazi, wapige kwa zamu. Baba, mkata mkonge, alibonyeza sauti mbili kwa kidole kimoja. Wenzangu wakacheka.

"Baba, toka nje," nikamnong'oneza.

"Nionyeshe kwanza, mwalimu wangu."

Nikamshika kidole, kigumu kama gome, nikaitafuta sauti sahihi kwa ajili yake. Ndipo nilipoisikia vizuri mimi mwenyewe. Mpaka leo najiuliza kama alikosea makusudi.

Mshike mama kidole, kisha uniandikie umesikia nini.

Bibi yako asiye na mvi