Likelemba ya sifa

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, bati linapiga kelele, na mimi sina hamu ya kazi.

Leo ilikuwa zamu yangu.

Niandike wazi. Mimi ndiye niliyeingiza karibu avenue yetu yote, hapa mtaa wa Mabanga, kwenye ule mtandao wa kijamii wa blokcheini. Watu wanadhani nilifuata zile sarafu za kidijitali ambazo mtandao unamgawia mwenye kusomwa sana. Hapana. Nilimfuata dada yangu Aline.

Tulitengana siku ya kukimbia vita, kwenye msongamano. Simu yake haipatikani tena. Lakini akaunti yake ya kule haitegemei namba ya simu, wala hakuna kampuni ya kuifunga. Akikumbuka maneno yake ya siri, ataingia kwa simu ya mtu yeyote, popote alipo. Nikataka siku atakayofungua akute majirani wote wamo, asijione mgeni.

Basi wakajaa. Wakajaa, bila kujibizana. Kila mtu anaandika, hakuna anayemsoma mwenzake. Ndipo Mama Kavira, muuza maharagwe, akaleta akili ya likelemba: kama tunavyochanga pesa akapokea mmoja, tuchange sifa. Leo wote tunamsifu huyu, kesho yule. Tukachangamka kweli. Mtu wa nje angesema hapa Goma tunapendana kupita kiasi.

Asubuhi nikaweka picha ya mlango wetu. Nikaandika: "Aline, tungali pale pale. Mlango tumeupaka kijani, usiupite."

Chini yake zikamiminika. Safi sana dada. Hongera kwa mlango. Mungu akuzidishie. Kila simu ilipolia nilifungua nikidhani ni Aline, nikakuta ni jirani analipa zamu.

Nilikasirika, halafu nikalia. Wamenikosea nini? Wamefanya tulivyopatana.

Mama Kavira alinikuta hivyo mlangoni.

"Batu bote bamekusifu, sasa unalia juu ya nini?"

"Mama, hakuna mwenye aliandika juu alitaka mwenyewe. Na ule mwenye ninangoya hayuko mu likelemba."

Alipangusa viatu vyake matope.

"Tukuruke basi mu zamu?"

"Muniruke."

Akaenda kuwaambia wengine. Nimefuta ile picha machoni pa watu, ingawa huko hakuna kinachofutika kabisa, nikaiweka upya bila zile sifa chini yake.

Jioni hii hakuna aliyegusa kitu. Hata Mama Kavira, ambaye kidole chake hakijui kutulia. Ukurasa mweupe, mvua imepungua, na mimi nimemkumbuka dada yangu. Aline angesema kijani hicho ni kibaya. Angekuwa wa kwanza kusema.

Nitaacha simu iwe na sauti. Ikilia sasa, si jirani.