Stempu ya Mshairi Niliyoiroweka

Bibi yangu,

Ni mimi Mwanaisha, msichana wako wa jikoni. Sijui kama huko uliko barua zinafika, lakini haya yaliyonijaa kifuani sina mwingine wa kumwambia.

Arubaini yako imepita. Nyumba hapa mtaani Al Twar imepoa. Chumba chako madam, binti yako, hajakigusa, mto bado unanukia udi wako, na kila baada ya adhuhuri najikuta nimetia chai vikombe viwili. Kimoja nakimwaga. Nalia kidogo, halafu naosha vyombo.

Nakuandikia kukushukuru, na kukuambia kwamba nimesema.

Nilipokuja kwenu huku Uarabuni nilikuwa mgeni kabisa, nimetoka kwetu Kisauni hata pasi ya umeme naiogopa. Wewe ukanifundisha stempu. Kila Alhamisi tulikata pembe za bahasha kuukuu ulizoletewa na wafanyabiashara wa soko la Naif, tukaziroweka kwenye maji ya vuguvugu, tukazianika stempu juu ya taulo. "Usivute," ulikuwa ukisema, "ngoja iachie yenyewe." Baada ya miezi mitatu nikajiona fundi. Fundi gani!

Siku ya kosa langu ulikuwa umelala. Nikataka kukufurahisha, nikakusanya bahasha zote za kabatini, pamoja na ile iliyokaa peke yake kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa na stempu ya ukumbusho ya yule mshairi wa kale wa Uajemi, walii mwenye kilemba kikubwa. Ulizoea kumtania: "Huyu kazi yake kumpenda Mungu tu. Angekuwa na watoto wa kulisha, mashairi yangepungua." Sikujua kwamba stempu kama ile haibanduliwi, kwamba thamani yake ni kubaki kwenye bahasha yake pamoja na muhuri wa siku ilipotolewa. Wala sikujua kwamba anwani ile ilikuwa mwandiko wa marehemu mumeo, aliyekutumia kutoka Shirazi katika safari yake ya mwisho. Wino ulitoka wote. Maji yakawa ya buluu, na jina lako likafutika huku naliangalia.

Ukaamka, ukaona. Ukakaa kitini. Madam akarudi kutoka kazini, akauliza nani kafanya hivi. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Mie. Nilisahau." Ulijua angenirudisha kwa wakala aliyenileta siku ileile.

Gharama yake uliibeba wewe. Madam aliogopa kwamba akili inakutoka. Akachukua funguo za kabati lako, akakupeleka kwa daktari, akawa anakuuliza kila asubuhi leo ni siku gani. Miaka miwili, Bibi! Mtu mzima mwenye akili zake timamu, anaomba kufunguliwa kabati lake mwenyewe. Nilipotaka kusema ukweli ulinikataza: "Nyamaza wewe. Nimekuwa mwendawazimu kwa ajili yako, basi nipikie mkate wa kumimina." Nikapika, nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu.

Ijumaa iliyopita walikuja wageni kutoa pole. Madam akawafungulia albamu yako ya stempu, akasema, "Maskini mama, akili ilianza kumtoka siku aliyoroweka bahasha ya baba." Nikaliweka chini sinia la kahawa. Walipoondoka nilimweleza yote, nimesimama, na nguo zangu nimeshazipanga sandukuni.

Juzi asubuhi akaniita chumbani kwako. Alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu. "Kila asubuhi alinijibu sawasawa," akasema, "na mimi sikumwamini." Akalia, nami nikalia. Nikamuuliza kama niondoke. Akasema, "Uende wapi? Mama angenifukuza mimi kabla yako."

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukitambua. Chini ya kila stempu umeandika kwa penseli ilikotoka na aliyeileta, ila chini ya mshairi hukuandika kitu. Kwa mdomo uliweza kusema uongo kwa ajili yangu, kwa maandishi ulishindwa. Madam akanipa penseli. Niliandika kwa mwandiko wangu mbaya: "Kutoka Shirazi, imeletwa na mume wa Bibi. Imerowekwa na Mwanaisha." Akasoma, akafunga albamu, akaenda kutia udhu.

Ahsante, Bibi. Ahsante kwa kazi hii iliyowasomesha wadogo zangu, kwa mkono wako juu ya kichwa changu nilipokuwa na homa, kwa kunifanya mtu wa nyumbani. Mola akulaze mahali pema, akukutanishe na mumeo. Nakuahidi hili: maadamu niko hai, hakuna mtu atakayebeba tena kosa langu huku mimi nimenyamaza.

Kwaheri, Bibi.

Mwanaisha wako